SIKU KUMI ZISIZOKUWAPO

Katika shule moja ya misioni, kando ya ziwa Tanganyika, mwalimu wa mwaka wa tano alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, baada ya sala, alishika chaki akaandika tarehe juu ya ubao. Chini ya tarehe aliandika ulizo moja tu, nalo lilikuwa juu ya jambo lililotukia zamani, siku kama ile ile. Wanafunzi hawakuruhusiwa kujibu papo hapo. Walikwenda nyumbani, wakauliza wazee wao au wakatafuta vitabuni, na kesho yake asubuhi mmoja alisimama akajibu. Aliyejibu vizuri alipata alama moja. Mwisho wa mwezi mwenye alama nyingi kuwapita wenzake alipewa daftari jipya.

Daftari jipya si kitu kidogo. Watoto walishindana kweli.

Kwa mfano, tarehe 29 Oktoba mwalimu aliuliza: «Mfalme gani wa Kongo aliuawa siku kama ya leo, mwaka 1665?» Wakajibu: «Mfalme Antonio wa kwanza, aliyepigana na Wareno huko Mbwila.» Tarehe 1 Desemba aliuliza: «Siku kama ya leo, mwaka 1964, nani aliuawa huko Isiro?» Hapo darasa zima liliinua mikono, kwa kuwa kila mmoja anamjua Sista Anuarite Nengapeta, ambaye Papa Yohane Paulo wa pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Mwaka mmoja, ilipofika tarehe 10 Oktoba, mwalimu aliandika hivi:

«Tarehe 10 Oktoba 1582, mjini Roma, kulitukia nini?»

Watoto wakaenda zao. Wengine walimwuliza padri, naye akacheka tu bila kujibu. Wengine walifungua kitabu cha historia, lakini hawakuona kitu. Kesho yake mvulana mmoja akabahatisha: «Mwalimu, Papa alikufa.» Hapana. Mwingine akasema: «Kulikuwa na vita.» Hapana. Ndipo akasimama msichana mmoja, mtoto wa katekista. Akasema polepole:

«Mwalimu, hakuna kilichotukia. Siku ile haikuwapo.»

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akamwuliza: «Nani amekuambia hivyo?»

Msichana akaeleza. Baba yake anacho kitabu cha maisha ya watakatifu. Alikuwa akisoma habari za Mtakatifu Tereza wa Avila, ambaye sikukuu yake ni tarehe 15 Oktoba. Kitabu kilisema hivi: Tereza alikufa katika mji wa Alba de Tormes, kule Hispania, usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, akazikwa kesho yake, tarehe 15 Oktoba. Msichana alifikiri kwamba waliopiga chapa kitabu wamekosea. Akampelekea baba yake. Baba akamjibu: «Mwanangu, kitabu hakikukosea. Mwaka ule, baada ya tarehe 4 ilikuja tarehe 15.»

Mwalimu akampa alama. Lakini wavulana walinung'unika. Mmoja akasema: «Mwalimu, siku haiwezi kupotea kama mbuzi. Je, jua halikuchomoza?»

Jua lilichomoza kama kawaida. Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Kwanza ni lazima kufahamu mwaka ni nini. Mtu anayekaa Butembo au Mbandaka, karibu kabisa na mstari wa ikweta, aweza kujionea kwa macho yake. Asimamishe kijiti wima mahali palipo tambarare. Siku ya 21 Machi, jua linapokuwa juu kabisa saa ya adhuhuri, ataona kijiti karibu hakina kivuli. Jua liko juu ya utosi wake. Siku zinazofuata jua litasogea upande wa kaskazini, na kivuli cha adhuhuri kitalala upande wa kusini. Mwezi wa tisa jua litarudi juu ya utosi, kisha litapita kwenda kusini, na kivuli kitageuka. Mwisho, mwezi wa tatu, jua litarudi pale pale lilipoanza. Hapo mwaka mmoja wa jua umetimia.

Sasa, mwaka huo una siku ngapi? Watu wa Misri ya kale walijibu: siku 365. Hawakuwa mbali na ukweli. Lakini jua halimalizi safari yake sawasawa na mwisho wa siku. Safari yake yachukua siku 365, na masaa 5, na dakika 48, na sekunde 46 hivi. Hayo masaa matano na dakika zake ndiyo yaliyoleta taabu yote.

Mwaka 45 kabla ya Kristu, mkubwa wa Roma aliyeitwa Julius Caesar aliweka hesabu mpya ya siku. Mtaalamu wa nyota jina lake Sosigenes alimshauri. Walisema hivi: masaa matano na dakika arobaini na nane ni karibu masaa sita. Masaa sita mara nne ni masaa ishirini na manne, yaani siku nzima. Basi miaka mitatu iwe na siku 365, na mwaka wa nne uwe na siku 366. Ndio mwaka mrefu, ule ambao mwezi wa pili unapata siku 29.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, na watu walifurahi nayo. Lakini «karibu masaa sita» si masaa sita. Kila mwaka kalenda ya Caesar ilizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 na kitu. Jua lilikwisha kufika, na kalenda bado ilikuwa ikingoja dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja ni nini? Mtu anaweza kuzimaliza akichota maji mtoni. Hata hivyo, dakika hizo zilirudi kila mwaka bila kuchoka. Baada ya miaka minne zilikuwa dakika 45 hivi. Baada ya miaka 128 zilikuwa masaa ishirini na manne kamili, na kalenda ilikuwa nyuma ya jua kwa siku nzima. Mzee mmoja maisha yake yote hawezi kuona kosa hilo, wala mtoto wake. Mjukuu wa mjukuu wake ndiye atakayeliona.

Eklezya ililiona kwa sababu ya Pasaka. Sikukuu ya Noeli ina tarehe yake, 25 Desemba, haihami. Pasaka inahama kila mwaka, maana inafuata jua na mwezi pamoja. Mwaka 325 maaskofu wengi walikutana katika mji wa Nisea, wakakubaliana kwamba Wakristu wote wafanye Pasaka siku moja. Kanuni iliyofuatwa ni hii: jua likisha kufika katikati ya safari yake mwezi wa tatu, watu wangoje mpaka mwezi wa mbinguni uwe mpevu, duara kamili, na siku ya Mungu inayofuata ndiyo Pasaka. Siku ile ya jua waliiandika kuwa 21 Machi, kwa sababu wakati ule ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kosa la dakika kumi na moja lilikuwa likitembea. Tangu mwaka 325 hata mwaka 1582 ni miaka 1257. Mwanafunzi anayejua kugawanya agawanye kwa 128, atapata karibu 10. Kweli, mwaka 1582 jua lilifika mahali pake tarehe 11 Machi, na kalenda ilikuwa bado inasema: «Ngojeni, 21 Machi haijafika.» Miaka mingine Pasaka ilifanywa majuma mengi baada ya siku yake ya kweli. Kama wangeacha tu, Pasaka ingesogea polepole mpaka katikati ya majira ya joto ya Ulaya.

Si kwamba hakuna aliyesema. Karibu mwaka 1267 mtawa mmoja Mfransisko, Mwingereza Roger Bacon, alimwandikia Papa kwamba kalenda imeharibika na ni aibu kwa Wakristu. Hakuna kilichofanyika kwa miaka mia tatu na zaidi. Kutengeneza hesabu ya siku si kazi rahisi. Mtu akigusa kalenda, amegusa sikukuu, na madeni, na mishahara, na masoko ya watu wote.

Aliyepata njia hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa daktari wa Calabria, kule kusini kwa Italia, aitwaye Aloysius Lilius. Alifanya hesabu zake miaka mingi. Mwaka 1576 akafa kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Ndugu yake Antonio alipeleka maandiko yake mjini Roma, kwa Papa Gregorio wa 13. Papa aliweka watu wenye elimu kuyachunguza. Mmoja wao alikuwa padri Mjezuiti kutoka Ujerumani, Christopher Clavius, mwalimu wa hesabu. Mwingine alikuwa Mdominikani, Ignazio Danti. Huyo alichora mstari sakafuni katika chumba cha mnara wa Vatikano, na ukutani juu kulikuwa na tundu dogo. Adhuhuri mwali wa jua ulipita tunduni ukaanguka juu ya mstari, ukaonyesha wazi mahali jua lilipofika. Mwanga wa jua ulikuwa shahidi kwamba kalenda inasema uwongo.

Tarehe 24 Februari 1582 Papa Gregorio alitia saini barua kuu ya kutengeneza kalenda. Ilikuwa na mambo mawili makubwa.

La kwanza, kuondoa kosa lililokwisha kuingia. Kwa hiyo baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba itafuata Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Walichagua mwezi wa kumi kwa sababu siku zile zilikuwa na sikukuu chache, na walingoja kwanza ipite sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4. Majina ya siku za juma hayakuguswa. Baada ya Alhamisi ikaja Ijumaa, kama kawaida. Watu walilala usiku mmoja tu. Mwili wa Mtakatifu Tereza haukungoja kaburi siku kumi na moja. Ulizikwa siku iliyofuata. Ni majina kumi ya siku yaliyorukwa, na mwezi ule wa Oktoba ulikuwa na siku 21 tu.

La pili, kuzuia kosa lisirudi. Kalenda ya Caesar ilikuwa ikizidi siku tatu katika kila miaka 400. Basi ni lazima kuondoa miaka mirefu mitatu katika miaka 400. Itaondolewa ipi? Ile inayofunga mamia, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Mwaka 1600 ulikuwa mrefu. Miaka 1700, 1800 na 1900 haikuwa mirefu. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. Mwaka 2100 hautakuwa mrefu, na baadhi ya watoto wanaosoma sasa shuleni pengine watauona, wakiwa wazee wenye mvi.

Na fedha je? Mvulana yule mwenye kunung'unika angeuliza hilo. Mtu aliyekopa na kuahidi kulipa tarehe 15 Oktoba, je, amenyang'anywa siku kumi za kutafuta pesa? Papa alifikiri hata jambo hilo. Barua yake iliwaagiza waamuzi kwamba, kukiwa na mashindano juu ya malipo ya mwezi au ya mwaka, waongeze siku kumi mwishoni, mtu asipate hasara. Hilo lilikuwa neno la haki, na lilifaa lisemwe waziwazi, kwa maana maskini ndiye anayeumia kwanza hesabu zinapogeuzwa.

Hispania, Ureno, Polonia na sehemu kubwa ya Italia zilifuata siku ile ile. Ufaransa ilifuata mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule: baada ya tarehe 9 Desemba ilikuja tarehe 20. Lakini nchi za Waprotestanti hazikutaka kupokea amri kutoka Roma, hata kama hesabu yake ilikuwa sawa. Katika mji wa Augsburg, Ujerumani, watu waligombana vikali kwa ajili ya kalenda. Ikawa mtu aweza kutoka mji mmoja leo, akafika mji wa jirani jioni, akakuta huko tarehe iko nyuma siku kumi. Hapa wamekwisha kula Noeli. Kule bado wanangoja.

Uingereza ilikataa kwa miaka 170. Mwisho ikakubali mwaka 1752, na wakati huo kosa lilikuwa limekwisha kuwa siku 11. Huko baada ya tarehe 2 Septemba ikaja tarehe 14. George Washington, aliyekuwa baadaye Rais wa kwanza wa Marekani, alizaliwa tarehe 11 Februari kwa hesabu ya zamani. Akiwa kijana alijikuta sikukuu yake imehamia tarehe 22. Urusi ilingoja mpaka mwaka 1918, ikaruka siku 13. Kwa hiyo mapinduzi yaliyoitwa ya Oktoba, ya mwaka 1917, yaliadhimishwa kila mwaka mwezi wa Novemba. Uswidi ilifanya kiroja kuliko wote: ilijaribu kugeuza polepole, ikachanganyikiwa, ikarudi nyuma, na mwaka 1712 ikawa na tarehe 30 Februari. Mtoto aliyezaliwa huko siku ile hakuiona tena sikukuu yake maisha yake yote.

Mambo hayo huwategea mitego wote wanaopenda maulizo ya «siku kama ya leo». Wengi husema kwamba waandishi wawili wakubwa, William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Hispania, waliondoka duniani siku moja, tarehe 23 Aprili 1616. Tarehe hiyo inapendwa hata imewekwa kuwa siku ya vitabu duniani. Lakini Hispania ilikuwa imekwisha kufuata kalenda ya Papa, na Uingereza bado. Cervantes alizikwa tarehe 23 Aprili ya Hispania. Shakespeare alikufa tarehe 23 Aprili ya Uingereza, na siku hiyo kule Hispania watu waliandika 3 Mei. Tarehe zao zafanana, lakini kati yao kulikuwa na siku kumi.

Hata leo si watu wote wanaohesabu namna moja. Wakristu wa Urusi hufanya Noeli siku tunayoita 7 Januari, kwa sababu katika mambo ya kanisa wanafuata bado kalenda ya Caesar. Waislamu, kama wale wa Kasongo na Kisangani, hufuata mwezi peke yake. Mwaka wao una siku 354 au 355, na ndiyo maana Ramadhani huja mapema kila mwaka. Waethiopia wana miezi kumi na mitatu. Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Waethiopia waliandika siku hiyo kuwa tarehe 23 ya mwezi wao wa kumi, mwaka 1952. Uhuru ulikuwa mmoja, na jua lilikuwa moja.

Wavulana wa darasa lile walinyamaza. Mwisho yule mnung'unikaji akainua mkono, na safari hii hakunung'unika.

«Mwalimu, tarehe 3 Mei ulituuliza juu ya Nzinga a Nkuwu, mfalme wa Kongo, aliyebatizwa mwaka 1491 akaitwa Yoane. Mwaka ule ni kabla ya Papa Gregorio. Je, tarehe 3 Mei ile ni ya kweli?»

Mwalimu alifurahi sana. Akampa chaki, akamwambia aje ubaoni ahesabu. Mvulana alikwama, na msichana wa katekista akamsaidia. Wakaona kwamba wakati ule kosa lilikuwa siku 9. Kwa hiyo siku mfalme alipobatizwa, jua lilikuwa mahali linapokuwa sasa tarehe 12 Mei.

«Basi tufute 3 Mei?» akauliza mvulana.

«Hapana,» akajibu mwalimu. «Waliokuwapo siku ile waliiita 3 Mei. Wenye kuandika historia huacha tarehe za kabla ya mwaka 1582 kama zilivyoandikwa. Lakini wewe ukiulizwa, sasa unajua la kuongeza.»

Akampa alama moja. Mwisho wa mwezi daftari lilikwenda kwa msichana wa katekista.

MAULIZO

1. Kwa nini kalenda ya Julius Caesar ilikuwa ikibaki nyuma ya jua?
2. Mtoto alizaliwa mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1582. Tarehe 15 Oktoba alikuwa na umri wa siku ngapi?
3. Nani alipata njia ya kutengeneza kalenda, na kwa nini hakuiona ikitumika?
4. Mwaka 2100 mwezi wa pili utakuwa na siku ngapi? Na mwaka 2400?
5. Simamisha kijiti mbele ya shule. Pima kivuli chake adhuhuri kila siku ya kwanza ya juma, uandike urefu wake pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu, onyesha kivuli kimeelekea upande gani.